Usiikimbilie Namba Kubwa

Mpwa wangu,

Nimeziangalia picha za Prado ulizonitumia, zile zenye matairi yaliyojaa mpaka kwenye madigadi, na naelewa kwa nini roho yako imezipenda. Gari lililokaa juu vile lina heshima yake barabarani. Hata bodaboda hulipisha. Lakini hukuniuliza kama linapendeza. Umeniuliza kama ufunge 285/70 mahali pa 265/65 ulizonunulia gari, zote za rimu 17, ili Desemba usikwame tena kwenye njia ya Mtae. Jibu langu ni hapana. Ila sitaki ulipokee kwa sababu tu mimi ni mjomba wako na nimezeekea kwenye usukani. Kaa, tupige hesabu pamoja.

Ile 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 65 ya huo upana. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Ukijumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, tairi lako la sasa lina kimo cha milimita 776 hivi. Hilo unalolitamani lina 831. Zimeongezeka 55, ndiyo, lakini gari halinyanyuki 55, maana ekseli iko katikati ya gurudumu. Linanyanyuka nusu yake, milimita 27. Hata vidole viwili havijatimia. Mafundi wenye uzoefu watakukumbusha, na ni kweli, kwamba springi ndefu huinua bodi tu, wala haziinui difu ya nyuma. Kuiinua ile kunataka tairi refu. Kama ungekuwa unapita kwenye mawe kila wiki, ningekuambia hizo 27 zina thamani. Wewe difu yako imegusa jiwe lini? Ulichokwama nacho ni utelezi.

Sasa tazama bei ya hizo milimita, wala sizungumzii bei ya dukani. Tairi jipya ni refu kwa asilimia 7. Kila likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na spidimita haina habari. Ikikuonyesha 80, unaweza kuwa unakimbia 85 na zaidi. Ikikuonyesha 50 pale kwenye vijiji vya njiani, ambako askari wa tochi amejibanza nyuma ya mwembe, hesabu inakupa 53. Ni kweli magari mengi hutoka kiwandani yakiwa yanajisifu kidogo, spidimita inasoma juu ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya kosa hilo inajifuta. Usiitegemee hiyo. Na hesabu ya kilomita nayo inapotoka: ukisoma 5,000 tangu umwage oili, gari limeshatembea 5,350. Utalalamika pia kwamba mafuta yanakwisha haraka, na sehemu ya malalamiko hayo itakuwa ni hesabu mbovu tu, kwa kuwa umetembea zaidi ya ulichosomewa. Sehemu nyingine itakuwa kweli tupu, kwa sababu tairi la namna ile lina uzito. Yale ya kazi nzito, yenye ubavu mnene na meno makubwa, huzidi tairi la kawaida la gari lako kwa kilo kadhaa kila moja, na uzito ulio ukingoni mwa gurudumu ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha.

Hapo kwenye kusimamisha ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Unaijua barabara ya Mombo kupanda Lushoto, unayopita kwenda Mtae. Ina lami nzuri, lakini ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo, kona juu ya kona kwa zaidi ya kilomita 30. Kupanda si tatizo. Tatizo ni kushuka, gari limejaa, mizigo iko juu ya keria, na lori la mboga liko mbele yako. Breki za Prado zilipimwa kwa gurudumu la kimo kile la kiwandani. Ukirefusha gurudumu kwa asilimia 7, breki zile zile zinatakiwa kutoa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho ili gari lisimame pale pale, na bado hujahesabu uzito mpya unaozunguka. Injini nayo, ambayo ndiyo msaidizi wa breki kwenye mteremko, inakamata kwa ulegevu, kwa sababu gia zote zimerefuka bila wewe kugusa giaboksi. Gia ya pili inakuwa kama imesogea kuielekea ya tatu. Kupanda, utaona gari limekuwa zito kuitikia. Kushuka, utajikuta mguu wako unaishi kwenye breki. Breki zikipata moto sana zinapoteza nguvu. Huo si wasiwasi wa mzee, ndivyo chuma na moto vilivyo.

Mimi hapo naona watu, sioni gari. Nyuma wamekaa wajukuu zangu. Mbele amekaa mama yako, dada yangu, ambaye magoti yake hata sasa yanamlalamikia akipanda ngazi ya mlango. Rafiki zako wenye matairi makubwa huwa hawaishii kwenye tairi: wanafunga springi za kuinua inchi mbili, kisha spesa za kutoa magurudumu nje, kisha keria ya chuma yenye tairi la akiba na madebe. Kila hatua ukiitazama peke yake ni ndogo. Zikijumlishwa, uzito wa gari umehamia juu, na gari refu lenye uzito juu, likikwepa ng'ombe ghafla kwenye mwendo wa 90, hulala ubavu upesi kuliko lile lililotoka kiwandani.

Mengine nayapitia haraka, maana fundi wako atakuonyesha kwa mkono. Tairi pana na refu linakwaruza: ukikata usukani mpaka mwisho huku gurudumu limezama kwenye shimo, litagusa plastiki ya ndani ya madigadi au chuma cha chasisi kilicho nyuma yake, na wengi huishia kukata plastiki na kugonga chuma kwa nyundo. Beringi, bolijointi na tairodi zinachoka mapema. Mlango wa nyuma unaobeba tairi la akiba unaanza kulegea bawaba. Bima yako kubwa, soma mkataba wake. Ukibadilisha gari bila kuwaarifu, unawapa sababu ya kubishana nawe siku ya ajali.

La tairi la akiba usilipite haraka. Prado yako inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Wapo wanaonunua manne makubwa na kuacha la akiba dogo la zamani, ili waokoe pesa. Siku ya pancha wanafunga dogo, wanaendesha safari nzima, na ile difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika kusawazisha magurudumu yasiyolingana. Ukiifunga difu hiyo kwenye lami ukiwa katika hali hiyo, unatafuta gharama. Ukibadilisha kipimo, nunua matano. Kama pesa haitoshi matano, basi haitoshi.

Sasa turudi Mtae. Ulikwama kwa nini? Uliniambia mwenyewe: mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu, gari lilianza kuteleza kuelekea mtaroni na magurudumu yakawa yanazunguka bure. Matairi yako ni ya barabara kuu, meno yake madogo, na yalishakaribia kipara. Yale yangekuwa na kimo chochote yangeteleza tu. Udongo ule wa mlimani aghalabu una ngozi laini juu na ardhi ngumu chini. Kinachokutoa ni meno yaliyo wazi, yanayotema tope yakizunguka, na tairi linalokata ile ngozi mpaka kwenye ugumu. Tairi pana zaidi, kwenye udongo wa namna hiyo, linaweza hata kuelea juu ya tope na kuongeza utelezi. Land Rover na Land Cruiser za kazi zilizotembea porini kwetu miaka mingi zilivaa 7.50-16, tairi jembamba na refu, na hazikuitwa dhaifu. Upana una kazi yake kwenye mchanga, na hata huko dawa ya kwanza ni kupunguza upepo.

Vijana huniona nimepitwa na wakati nikimtaja Joginder Singh, lakini nitamtaja. Alishinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Mara ya kwanza alikuwa na Volvo PV544, mbili zilizofuata Mitsubishi Lancer. Zote ni saluni, zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Sikuambii uiuze Prado ununue saluni. Nakuambia kwamba tope halikuanza kupitika siku yalipokuja matairi ya inchi 33.

Basi fanya hivi. Baki na 265/65R17, lakini ya aina ya ardhi mchanganyiko, ile inayostahimili lami na ina meno ya kutosha kwenye tope. Usidanganywe na matairi ya tope tupu. Safari yako kutoka Dar mpaka Lushoto yote ni lami, na kwenye lami yenye maji yale yanavuma na kushika vibaya. Ukishindwa kabisa kuivumilia hamu, mwisho wako uwe 265/70R17. Hiyo inaongeza kimo kwa asilimia 3 na kitu, inanyanyua gari milimita 13, na kwa kawaida inaingia bila kukata chochote. Angalia namba ya uzito pembeni mwa kipimo: 112 ina maana tairi moja linabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Angalia na tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka. Lipinde kwa dole gumba, ukiona nyufa mbavuni, liache hapo hapo kwa muuzaji.

Pesa utakayookoa, nunua pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri na kipimo cha upepo kinachosema kweli. Ukiiacha lami na kuukuta utelezi, shusha upepo mpaka PSI 22 au 20, tairi lilale na kukamata, uende taratibu bila kukata usukani kwa nguvu. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla hujakimbia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Mnyororo mmoja wa kuvutia na koleo la mpini mfupi viwe kwenye buti.

Ukishafunga mapya, usianze safari siku hiyo hiyo. Pakia gari kama la Desemba, watu na mizigo, lipeleke mahali penye bonde na ukate usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, huku mtu amesimama nje anasikiliza. Tembea kilomita 50 hadi 100, kisha kaza nati zote upya kwa mkono wako, usimwachie kijana wa gereji aliyekwisha kuzikaza kwa mashine. Na umpeleke mama yako dukani na kurudi, apande na kushuka mara mbili tatu, halafu umwulize yeye.