Bao la Alasiri: Kustaafu na Swali la Kusudi la Maisha Tabora

Swali la iwapo mtu aliyemaliza utumishi wake bado ana kusudi la kuishi lisingeeleweka kwa urahisi Unyamwezi kabla ya reli, kwa kuwa kustaafu, yaani kuachana na kazi kwa mujibu wa sheria pindi umri uliowekwa unapotimia, ni utaratibu uliozaliwa na ajira ya mshahara. Mpagazi wa karne ya 19, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, aliacha safari pale miguu ilipokataa, akabaki na jembe lake. Na mzee wa kijiji hakuacha kazi bali alihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, akashughulika na mashauri, matambiko na usuluhishi. Ujerumani ilipitisha sheria yake ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri ukiwa miaka 70, na utawala wa Kijerumani ndio uliofikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912 na kuisukuma hadi Kigoma mwaka 1914. Kituo cha misafara kikageuka mji wa stesheni, shule na ofisi, na hatimaye mji wa wastaafu. Cheyo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, haina upekee katika jambo hili: humo, kama katika kata jirani, mtu hufika siku ambayo cheo chake kinaongezewa neno moja tu, akawa mwalimu mstaafu au karani mstaafu, na asubuhi yake inayofuata haina kengele.

Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania siku hiyo huweza kufika kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60, isipokuwa kwa kada chache zilizoongezewa muda. Mafao yake, ambayo tangu mwaka 2018 yako chini ya mfuko mmoja wa watumishi wa umma uliounganisha mifuko kadhaa ya awali, hugawanyika katika mkupuo, ambao watu wengi bado huuita kiinua mgongo, na pensheni ya kila mwezi. Mjadala mkali wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukadiria ukubwa wa mafungu hayo mawili, umewashughulisha Watanzania kwa miaka kadhaa, na si bure, kwani tumbo halisubiri falsafa. Lakini mjadala huo huacha kando jambo ambalo fedha haziwezi kulijibu, nalo ni kwamba mtu aliyepewa muda wote wa siku anapaswa kuufanyia nini.

Majibu ya kila siku ni ya kawaida kabisa: kahawa chungu kwa kashata, redio, bustani ya mchicha, mizinga ya nyuki kwa wale wenye miombo karibu, wajukuu, na zaidi ya yote bao. Mchezo huu wa mashimo 32 na kete 64, ambao huanza kwa kunamua, hatua ya kuingiza kete zilizo mkononi moja baada ya nyingine, kisha huingia katika mtaji, hatua ambayo kete zote zimo ubaoni, unaweza kumeza muda wote ulio kati ya sala ya alasiri na ya magharibi bila mchezaji wala watazamaji wake kuona saa ikipita. Wala kukaa huku si jambo geni katika nchi hii. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, alieleza habari za iwanza, nyumba ya pamoja ya kijiji cha Kinyamwezi ambamo wanaume walipitisha sehemu kubwa ya siku kwa mazungumzo, tumbaku na michezo. Msafiri yule aliona humo uvivu, jambo linalotarajiwa kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kufika Ziwa Tanganyika.

Shutuma ya uvivu haikutoka kwa wageni peke yao. Taifa lililojengwa juu ya wito wa uhuru na kazi lilimfundisha raia wake kujipima kwa mchango wake, na mafunzo ya kujiandaa kustaafu hadi leo humhimiza anayeondoka kazini aanzishe mradi, awe na kuku, mashine ya kusaga au nyumba ya kupangisha. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937, akafundisha huko katika Shule ya Mtakatifu Maria, na ambaye baada ya kuacha urais mwaka 1985 alilima Butiama, akageuza sehemu za Biblia kuwa tenzi, na kusuluhisha mgogoro wa Burundi hadi alipofariki mwaka 1999. Ni mfano mzuri, ila husimuliwa nusu. Nyerere huyohuyo alikuwa mpenzi wa bao, na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililodai kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika wajibu huo watoto wadogo na wazee wasiojiweza. Waandishi wa Azimio walitambua, pengine bila kukusudia kuingia katika teolojia, kwamba haki ya mtu kuwepo haitokani na anachozalisha.

Katika mji ambao Waislamu na Wakristo wamekaa mtaa mmoja kwa zaidi ya karne, swali la mchezo lina historia ndefu ndani ya dini zote mbili. Mafundisho ya Mtume Muhammad huitaja faragha, yaani wakati usio na shughuli, pamoja na afya, kuwa ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, na kwa msingi huo wapo masheikh wanaouona mchezo kuwa ni laghwi, jambo lisilo na faida. Hata hivyo mafakihi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walipoujadili mchezo wa sataranji hawakuafikiana: wengi wa madhehebu ya Hanafi waliukataza, ilhali Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliuchukia bila kuuharamisha, mradi usiwe na kamari wala usimcheleweshe mtu na sala. Wanaolilinganisha bao na sataranji wanaweza kuona kwamba wachezaji wanaoinuka adhana inapoadhiniwa wametimiza sharti zito kuliko yote. Kwa upande wa Wakristo, Thomas Aquinas, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, alikwenda mbali zaidi, akafundisha kwamba nafsi huchoka kama mwili unavyochoka na mapumziko yake ni mchezo, hata akaihesabu tabia ya kukataa kila furaha na kuwakera wanaofurahi kuwa ni kasoro ya maadili.

Aquinas alikuwa akimfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na hapa ndipo kiini cha suala kilipo. Kwa Aristotle, mambo yanayofanywa ili kupata jambo jingine hayawezi kuwa kilele cha maisha, kwa kuwa mfuatano huo lazima ufike mahali pa kutua. Watu hufanya kazi ili wapate wasaa, wala hawapati wasaa ili wafanye kazi. Mwanafalsafa huyo asingelikubali bao kuwa ndiko kutua, kwani aliuona mchezo kuwa dawa ya uchovu tu, na wasaa wa kweli akauweka katika tafakuri. Katika hili alikosea, au tuseme aliitazama meza ya wanafunzi wake bila kuitazama baraza ya wacheza bao. Mzee anayefikiri mitaji mitatu mbele, akitaniwa na mtani wake wa miaka 40, akisahihishwa na kijana aliyesimama nyuma yake, hatumii muda kupata kitu kingine. Yumo ndani ya jambo ambalo karani aliyekuwa akigonga mihuri alikuwa akilitafutia riziki, yaani kuwa na akili timamu pamoja na wengine bila kuhitajiwa na yeyote. Imani inayongoja akhera haipingani na hilo, na wala fikra ya Kinyamwezi, ambamo wazee waliokufa huendelea kuhusika na walio hai, haipingani nalo. Zote mbili hukanusha kwamba thamani ya mtu huisha siku manufaa yake yanapoisha.

Utetezi huu una shimo moja ambalo haufai kulipita kimya. Wasaa wa Aristotle ulibebwa na watumwa, na wa matajiri wa misafara ya Unyanyembe vilevile. Wasaa wa baraza ya leo, mara nyingi, hubebwa na mwanamke wa umri uleule, ambaye hata kama naye alistaafu ualimu au uuguzi mwezi mmoja na mumewe, jikoni hakuna barua inayomwachisha, na wajukuu wanaotajwa kama starehe ya babu ni zamu ya bibi. Masharti ya Imamu Shafii yalihusu kamari na sala. Haki ya anayechota maji wakati kete zinazunguka ilistahili kuwa sharti la tatu, kwa sababu starehe inayojitosheleza haiwezi kudai kuwa kusudi la maisha ya mtu ikiwa inasimama juu ya jioni za mtu mwingine ambaye hajaulizwa angependa kuzifanyia nini.