Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua

Januari huku Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huingia mikono mitupu. Senene wamekwisha, maharage mengine yameliwa na mengine yaligeuka nguo za Krismasi, na kahawa iliyo mtini ni ya kijani, ngumu kama kokoto. Msimu hautafunguka kabla ya Mei. Lakini shule zinafunguliwa sasa hivi. Ada katika shule za serikali ilifutwa. Sare, madaftari na godoro la bweni havikufutwa. Hapo ndipo butura hupiga hodi.

Kwa asiyeijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ingali ua. Mwenye fedha anakuja, anaitazama mibuni, anataja bei yake, anahesabu noti. Mavuno yakifika ni yake. Serikali imeikataza na kuikemea mara nyingi, nayo inaendelea, jioni jioni, kwa kunong'ona. Siwaoni wauzaji kuwa wajinga. Aliye na mgonjwa ndani hawezi kumwambia daktari asubiri mnada.

Ila inauma. Mwaka 2024, ukame wa Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, ulichangia kupandisha bei kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Aliyekuwa ameshauza ua alibaki kuitazama neema hiyo ikipita mlangoni pake, imebebwa na mwingine.

Mwaka huu nimerudi nyumbani, kilomita chache kutoka Omurushaka, nikiwa na daftari jipya la malengo. Nikiwa nimekaa uani kujaza ukurasa wa kwanza, nilikumbuka ule wa mwaka jana. Niliandika kwamba nitaezeka nyumba. Sikuishia kuandika, niliwatangazia ndugu, nikawaambia wenzangu kazini, nikapigiwa makofi kwenye kikao cha ukoo. Kwa miezi miwili nilitembea kama mtu mwenye nyumba. Bati la kwanza halijanunuliwa hadi leo.

Nadhani niliuza butura. Furaha ya kuezeka niliichukua mapema, ikiwa ua, kwa bei ya makofi. Ulipofika wakati wa kuchuma, yaani kukatwa mshahara, kusumbuana na fundi na kukosa safari, hapakuwa tena na kitu changu mtini. Nilikuwa nimeshalipwa. Najua wapo wanaosema lengo litangazwe ili aibu ikusukume. Labda kwao aibu ina nguvu kuliko sifa. Kwangu sifa ilitangulia kufika.

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mdogo hana daftari. Mwaka ukigeuka anaingia shambani na jembe begani, anapita mbuni kwa mbuni akiupapasa. Huu ulizaa. Huu ulizaa nikauacha magugu yaukabe. Pale palikuwa na mti, mnyauko ukauchukua, tukaung'oa na kuuchoma moto. Ugonjwa huo anaujua vizuri. Uliingia Kagera miaka ya tisini na kula mibuni iliyopandwa na babu. Nilipomfuata asubuhi ile, alifika kwenye safu ya mwisho akapita haraka bila kuigusa. Sikuuliza. Mjukuu wake anaanza kidato cha kwanza.

Mbele kidogo alikuwa anachimba mashimo ya miche, futi mbili kwa futi mbili, ili yakae wazi hadi mvua za Machi. Mche ukipandwa Machi utaanza kumlipa vizuri baada ya kama miaka mitatu. Daftari langu lina kurasa za Januari hadi Desemba tu. Mmea anaoutegemea haungeenea humo.

Nilihesabu mashimo: matano. Miche aliyoagiza ni mitatu. "Mama, haya mawili ya nani?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachwea wapi. "Ya miche itakayokufa."

Nilimkumbuka Grant, mpelelezi kutoka Uingereza. Yeye na mwenzake Speke walifika Bweranyange, kwa mfalme Rumanyika, Novemba 1861, na mwaka mpya ukawakuta papa hapa Karagwe. Lengo lao lilikuwa moja, chanzo cha Nile. Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni, akaachwa nyuma kwa miezi. Mwezi Julai Speke alipoyaona maji yakitoka ziwani, Grant hakuwepo. Sijawahi kuandika lengo lenye nafasi ya mguu kuuma.

Mama mdogo alinipa jembe, akaenda kuinjika ndizi. Shimo la tano lilikuwa limefika nusu. Nilichimba mpaka aliponiita kula, na alipouliza safari hii nimepanga nini, nilimwambia udongo wa chini una mawe.