Nyumba Isiyo na Ngazi

Je, uongo unaosemwa kwa kumwokoa mmoja ni dhambi, ikiwa hakuna anayeonekana kudhurika? Swali hili niliwauliza walimu-wanafunzi wangu chuoni kwa miaka mingi, na kila mara nililijibu kwa wepesi. Leo wepesi huo umeniishia.

Mjukuu wangu aliazima pikipiki, hana leseni wala kofia ngumu, akaanguka nayo barabarani huko Mbagala. Tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui. Daktari alimpima kwa kipimo kilichotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow: kufumbua macho, kusema, na kujongeza viungo. Alama ya juu ni 15, ya chini ni 3. Mwenye 8 au pungufu ana jeraha kali. Mjukuu wangu alipata 7. Karani alipouliza chanzo, niliogopa habari za polisi na PF3. Nikajibu, "Ameteleza ngazini."

Baadaye nilijifunza jinsi majeraha yanavyoandikwa. Katika toleo la kumi la orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa mwaka 1990, jeraha la ndani ya fuvu ni S06. Damu kuvujia chini ya utando mgumu wa ubongo, kama ilivyomtokea kijana wetu, ni S06.5. Lakini namba hiyo hutaja kilichoumia tu. Kilichoumiza kina namba yake: mpanda pikipiki ni V20 hadi V29, aliyeanguka ni W00 hadi W19. Kwa neno langu moja, mjukuu wangu alitolewa V akatiwa W.

Mwanzoni nilichukia kuona mtoto wetu akifanywa herufi na tarakimu. Kisha nikakumbuka mitihani. Mtahiniwa hupewa namba ili msahihishaji asijue kama ni mtoto wa waziri au wa mvuvi. Namba haimdharau mtu. Humweka sawa na wenzake. Anayemdharau ni yule anayeijaza uongo.

Na nani alidhurika? Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaoamua wapi pawekwe matuta, na kofia zikaguliwe vipi, huhitaji hesabu. Kila familia ikificha pikipiki moja, hesabu itaonyesha mji wa watu wanaoteleza ngazini, na watoto wa wengine wataendelea kuumia barabara ile ile.

Hata hivyo, aliyenizindua ni mjukuu mwenyewe. Alipona, lakini siku ile ilifutika kabisa kichwani mwake. Jioni moja aliniuliza, "Babu, hizo ngazi nilizoanguka ziko wapi? Mbona nyumba yetu haina ngazi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemnyang'anya siku ambayo hakuwa na njia nyingine ya kuijua ila kwa maneno yetu na karatasi ile. Nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi twende tukaseme."

Tulikwenda. Karani alitusikiliza, akakata mstari mmoja, akaandika chanzo upya na kutia saini. Ya polisi tuliyapokea kama yalivyokuja. Naam, huruma ni jambo jema, lakini asiyeweza kukumbuka anatudai ukweli kuliko mtu mwingine yeyote.