Mama Huyu Ana Kosa Gani?



Mvua za Novemba zinyeshapo, mkulima wa Ismani katika Iringa na mwenzake wa Mbeya hufukia punje za mahindi ardhini. Baada ya siku chache mzizi washuka chini na jani lapanda juu. Nani ameipangia punje ile kazi?

Ni Mungu Mwumba. Naye amependa kutumia vyombo. Padre Gregor Mendel, mtawa wa Kiagustino, alichapisha mwaka 1866 habari za njegere alizozipanda katika bustani ya monasteri yake. Tangu hapo wataalamu wamejifunza mengi juu ya jeni, yaani maagizo yaliyomo ndani ya chembe za kila kiumbe. Chembe ya mzizi na chembe ya jani zina maagizo yale yale, lakini kila moja hutii sehemu yake. Ni kama kwaya yenye kitabu kimoja: kila sauti huimba mstari wake. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba jeni moja inayotawala ncha changa ya muhindi ina sehemu inayofanana na jeni zinazopanga viungo vya wanyama, na vya binadamu pia.

Tumboni mwa mama nako uso wa mtoto hauumbwi kwa mara moja. Sehemu zake hukua kutoka kushoto na kulia, hukutana, huungana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, siku ambazo mama wengine hawajajua hata kama wana mimba. Usipoungana, mtoto huzaliwa na mdomo sungura. Mara nyingi sababu ni jeni kadha pamoja na mambo mengine ya siku za mimba, kama vile uvutaji wa tumbaku.

Basi, yasikitisha kusikia Wakristu wakinong'ona kwamba mama alizini, au alicheka kilema, au amerogwa! Wako wanaomrudisha kwao, na wanaomficha mtoto ndani asionekane na wageni. Ee baba wa nyumba, nusu ya jeni za mtoto huyo zimetoka kwako. Wewe hukuzichagua, wala mkeo hakuzichagua zake. Mbona wamhukumu?

Bwana wetu alipoulizwa habari za kipofu wa kuzaliwa, alikataa kumlaumu yeye au wazazi wake. Tena hakuishia kwenye maneno: alimponya.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mtoto apelekwe hospitali mapema, kwani mwenye kaakaa lililopasuka hushindwa kunyonya vema na aweza kudhoofu upesi. Mdomo hushonwa na waganga, ukapona. Apelekwe pia kanisani abatizwe mbele ya watu wote, mama yake akisimama pale bila aibu, na baba ubavuni pake.