Mti Ukienda Kombo, Mtazame Jirani Yake

Siku moja babu alinikuta na panga mkononi chini ya mringaringa, kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo, katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Mti ule ulikuwa umeniudhi. Shina lilisimama wima, lakini matawi karibu yote yalikuwa yameelekea bondeni. Upande wa mlimani vilibaki vijiti viwili vikavu. Nikamwambia, "Babu, huu umeota kombo. Tuukate." Akanishika bega, akanigeuza nitazame juu. Hatua chache kutoka pale palikuwa na mparachichi mnene, na kwa jinsi ardhi ilivyoinuka, matawi yake ya chini yalikuwa usawa wa kilele cha mringaringa.

"Mjukuu wangu," akasema, "kabla hujauhukumu mti, mtazame jirani yake."

Mti hauna miguu. Pale ulipoota ndipo utakapozeekea, na njia yake ya kutafuta riziki ya mwanga ni kuelekeza matawi. Tawi linalopata mwanga hurefuka. Lililofunikwa hudumaa, hukauka, huanguka. Kwenye mteremko jirani wa juu ni kama amekusimamia begani, na wa chini amekuachia anga. Ndiyo maana matawi husogea upande wa bondeni. Wala mti haukubali kuanguka hivi hivi. Shina la mti wa majani mapana likianza kulala, mti hujenga upande wa juu wa shina mbao za namna ya pekee, zinazolivuta kama kamba inavyovuta nguzo. Ule tunaouita kombo huenda ndio uliojitahidi kuliko yote.

Tena inategemea jirani ni wa aina gani. Panda mteremko mzima mti wa aina moja, kwa siku moja: yote itafika urefu ule ule kwa wakati ule ule, ikigombea tabaka lile lile la mwanga, na matawi yatabanana. Wazee wetu wa Uchagani hawakupanda hivyo. Mruka waliuacha utandaze matawi juu kabisa, kwa kuwa majani yake madogo madogo hupitisha mwanga. Kando yake mringaringa, na msesewe ambao gome lake hutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini ya miti hiyo migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Kila mmoja na ghorofa yake. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Wenyewe walikuwa wameuishi kwa karne nyingi.

Huko China nako, kwenye vilima vya jimbo la Jiangxi, watafiti walipanda miti zaidi ya laki moja na nusu kuanzia 2009: vipande vingine aina moja, vingine aina nyingi hadi kumi na sita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miaka minane, vipande vya aina kumi na sita vilikuwa vimehifadhi kaboni zaidi ya mara mbili ya wastani wa vile vya aina moja. Majirani wasiofanana walikuwa wamejaza nafasi ambazo wanaofanana waliziacha tupu.

Nasi binadamu tumeota mteremkoni. Yuko aliyetangulia kwa elimu, kwa mali, kwa cheo, na yuko aliye chini yake. Mtoto akiwa mkaidi, kijana akiukimbia ukoo, mfanyakazi akiwa mwoga wa kusema, twawahi kusema wameota vibaya. Twasahau kuuliza ni nani aliyesimama juu yao. Aliye juu ajue kwamba kivuli chake huenda mbali kuliko anavyokiona, maana yeye mwenyewe yuko kwenye jua. Na anayetaka watoto wote, au kijiji kizima, wawe wa namna moja, ajue anawapandia ugomvi.

Uchagani mpaka wa kihamba huoneshwa kwa mmea wa isale, na jani la isale hilo hilo ndilo hupelekwa kwa uliyemkosea kuomba msamaha. Wazee walijua kwamba ujirani ukishapandwa, huhitaji pia kutunzwa.

Siku ile babu alichukua panga langu, akauacha mringaringa, akaenda kwenye mparachichi. Alipunguza matawi matatu ya upande wa chini, akashuka bila neno. Mvua za masika zilipokuja, kwenye ubavu ule mkavu yalichomoza machipukizi. Mti bado umeelekea bondeni, lakini leo una majani hata upande wa mlimani.