Mzinga wa Mbao na Ndege ya Plastiki: Je, Kufanana ni Uongo?

Mtu anapotengeneza kitu kinachofanana na kingine, akatumia ustadi wake wote mpaka mtazamaji akakaribia kukidhania kuwa ndicho chenyewe, huulizwa kama amesema kweli au amesema uongo, na swali hilo ni la kale kuliko ndege zote. Linamhusu pia kijana wa Buzebazeba, au wa kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anayejifunza kupaka rangi mfano wa ndege ya jeti, yaani umbo dogo la plastiki linalofuata uwiano maalumu. Kwa uwiano wa 1 kwa 144, ambao ni wa kawaida kwa ndege za abiria, ndege yenye urefu wa mita 52 huwa na urefu wa sentimita 36 tu, ikatosha juu ya meza ya kusomea.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alimweka mchoraji daraja la tatu kutoka kwenye ukweli: kwanza kuna umbo asilia la kitanda, ambalo ni kazi ya Mungu, kisha kitanda cha seremala, na mwisho picha ya kitanda, inayoiga mwonekano wa upande mmoja tu. Wanazuoni wa Kiislamu, ambao hoja zao ndizo zilizozoeleka zaidi katika mitaa ya Ujiji, waliliangalia jambo hili kwa jicho jingine. Walichokikemea hasa ni kuiga viumbe wenye roho, kwa kuwa kufanya hivyo ni kama kushindana na Muumba. Lakini Ibn Abbas, sahaba na mfasiri mkubwa wa Kurani, anasimuliwa kumwelekeza mtu aliyepata riziki yake kwa kuchora kwamba, ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Ndege ya abiria haina roho, na kwa hukumu hiyo mfano wake hauna tatizo. Imo pia, katika mkusanyiko wa Abu Dawud, hadithi ya Bi Aisha na vitu vyake vya kuchezea, ambamo kulikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Mtume (s.a.w.) alipouliza ni farasi gani huyo mwenye mabawa, Bi Aisha alimkumbusha Nabii Suleiman na farasi wake wenye mabawa, naye Mtume akacheka. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba hapakuwa na aliyedanganywa katika nyumba ile, kwa sababu kila mmoja alijua kuwa mabawa ni kitambaa, na kujua huko hakukuiondoa furaha.

Kigoma yenyewe imewahi kuona kufanana kwa aina nyingine kabisa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na meli ya Graf von Götzen, iliyoshushwa majini hapo Kigoma mwaka 1915, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba na kuwabeba watu wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, ambayo mwisho wake ulikuwa katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915. Mwaka 1916 mzinga huo uling'olewa ukatumike katika vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao. Mwezi Juni mwaka huo ndege za Wabelgiji, zenye kuruka na kutua juu ya maji, zilivuka ziwa na kuishambulia bandari kwa mabomu, na mwezi Julai Wajerumani wakaizamisha meli kwa mikono yao wenyewe.

Mzinga ule wa mbao ulikuwa na thamani kwa sharti moja, kwamba adui abaki mbali. Aliyeutengeneza alikuwa na umbali kama mshirika wake, na siku ambayo mtu angeukaribia na kuugonga kwa kidole, kazi yote ingekwisha. Mfano wa ndege juu ya meza hudai kinyume chake, kwani humwita mtazamaji asogee, auchukue mkononi, augeuze na kutazama tumbo lake, na kadiri anavyousogelea ndivyo anavyozidi kujua jinsi ndege halisi ilivyoundwa. Hapa ndipo mpaka unapostahili kuwekwa: kufanana kunakohitaji umbali ili kuaminiwa ni uongo, na kufanana kunakostahimili kukaribiwa ni aina ya elimu. Plato hakuukosea mchoro wa upande mmoja, lakini hukumu yake haikitoshi kitu kinachoweza kuzungushwa na kukaguliwa pande zote.

Kazi ya rangi hupata uzito wake kutokana na mpaka huo. Anayeanza huharakia rangi ya juu, ilhali uaminifu wa mfano huamuliwa mapema zaidi, pale vipande vinapooshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, mishono ya gundi inaposuguliwa kwa msasa laini, na rangi ya msingi inapopakwa. Rangi hiyo, ambayo hushika plastiki na kuwa kitako cha rangi zinazofuata, haifichi makosa bali huyafichua, kwa sababu weupe au ukijivu wake wa aina moja huonyesha kila mkwaruzo. Baada yake hufuata rangi zenyewe, zilizofifia kabla ya zilizokolea, kwa tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke, kwani rangi nene huziba mistari myembamba inayoonyesha mabati yalivyoungana. Nembo, ambazo hulowekwa majini na kuteleza kutoka kwenye karatasi yake, hubandikwa juu ya vanishi inayong'aa, kwa kuwa uso wenye chembechembe hunasa hewa chini ya nembo na kuacha mabaka meupe. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mafundi wazoefu huipunguza rangi makali kwa kitone cha nyeupe, wakishikilia kwamba ndege halisi hutazamwa kupitia hewa nyingi inayofifisha rangi, hivyo rangi iliyotoka moja kwa moja kwenye kopo la kiwanda cha ndege ingeonekana nzito mno juu ya umbo dogo. Huo ni uaminifu kwa jicho, na haumdanganyi yeyote, maana fundi akiulizwa hueleza.

Kuna uamuzi mgumu zaidi, nao haufundishwi na maelekezo yanayokuja na kifurushi cha vipande vya mfano. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza 1946 na kuvunjika 1977, lilikuwa na ndege tano za jeti aina ya Super VC10, na VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, mwaka 1970, ilikuwa yake, ikisajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG. Ndege hiyohiyo baadaye ilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, ikageuzwa kuwa ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, ikaendelea na kazi hiyo hadi 2013. Anayeupaka rangi mfano wake hawezi kuipaka miaka yote arobaini na mitatu, hivyo lazima achague kati ya nembo ya simba ya ndege zetu na rangi za jeshi la wengine, tena achague kama ni ndege iliyotoka kiwandani au iliyokwisha kupigwa na jua na moshi wa injini. Ndiyo maana uchakavu wa makusudi, yaani masizi na michubuko inayoongezwa mwishoni, una sheria yake: ukifuata siku fulani ya ndege fulani, ni kweli, ukizidishwa kwa ajili ya kusifiwa, umekuwa mzinga wa mbao.

Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, akifafanua majina matatu ya Mwenyezi Mungu, yaani Mwenye kukadiria, Mwenye kuumba na Mwenye kutia sura, alitumia mfano wa jengo, ambalo humhitaji mtu wa kupima, kisha mjenzi, kisha wa tatu wa kunakshi na kupamba uso wake. Kwa mtazamo huo umaliziaji ni kazi kamili yenye heshima yake, na anayeudharau hajaelewa kwamba kitu hukamilika kwa sura. Kwa mwanadamu kipimo cha umaliziaji ni ihsani, yaani kutenda kwa kujua kwamba Mungu anaona hata pale ambapo yeye haonekani kwako. Chumba cha rubani hupakwa rangi kabla ya vipande viwili vya kiwiliwili kuunganishwa, na mara nyingi hakionekani tena baadaye isipokuwa kwa tochi. Yapo maelekezo yanayomruhusu anayeanza kukiruka, na ushauri huo ni mbaya.

Watoto wa Kigoma hukata ndege zao kutoka kwenye maboksi na kuziunga kwa waya, bila kifurushi chochote cha kununua. Wazazi, walimu wa shule na wa madrasa wawape msasa na kopo dogo la rangi, wawaulize ni ndege gani na ya siku gani, na wanapoikagua kazi hiyo waanze na upande wa chini.