Mwambie Baba Kabla Trafiki Hajamwambia

Wanangu wa hapa kwetu Pasiansi, haya nayaandika nikiwa na uchungu. Siku hizi kijana mwenye leseni yake mfukoni anaazima gari la baba kwenda mjini, anapigwa tochi ya kupima mwendo, anaandikiwa faini. Akirudi anaweka ufunguo mezani, anaamkia shikamoo kwa adabu zote, anakula, analala. Faini haitaji. Ukimbana anajibu: "Mimi ni mtu mzima, nitailipa mwenyewe." Utu uzima gani huo unaomwogopa baba?

Deni la faini halina pa kujificha. Mwaka 2021 kosa moja la gari lilikuwa shilingi 30,000. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Trafiki huingiza namba ya gari kwenye mashine, ikatoka karatasi yenye namba ya malipo, na deni likabaki kwenye mfumo wa polisi mpaka lilipwe. Kila askari atakayelisimamisha gari hilo ataliona deni. Deni linafuata gari, gari lina kadi, na kadi ina jina la baba. Unayemficha ndiye mdaiwa.

Mimi yamenikuta. Mtoto wa dada yangu niliyemwazima gari alinyamaza. Baadaye nikasimamishwa Usagara, nimepakia wakwe zangu, tunakwenda msibani Sengerema. Askari akanigeuzia mashine nisome mwenyewe: mwendo kasi, halijalipwa. Wakwe wakatazama dirishani kwa heshima, nami nikalipa kwa simu huku jasho likinitoka. Suala la fedha lilikwisha siku ile ile. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kijana yule alikuwa anakuja kwangu, anakula, ananiita mjomba, na jambo hilo analo kifuani.

Basi nawausia. Sema siku hiyo hiyo. Mngoje mzee apumzike, umwamkie, ukae, useme kwa kifupi: "Baba, leo nimeandikiwa faini Kirumba, nilizidisha mwendo. Kiasi ni hiki kwenye karatasi, nitalipa mwisho wa wiki." Taja kosa, mahali, kiasi na siku ya kulipa. Ukishalipa, mwonyeshe risiti. Usianze na hadithi ya trafiki kukubambikia. Kama kweli umeonewa, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikulazimishi kukiri: usiyekubali kosa, kesi yako ni ya mahakamani. Ukilipa umekiri, na aliyekiri kwa askari asimkatalie baba.

Usimtume mama. Hili linaniudhi kuliko yote. Kijana ana ndevu, lakini jambo likiwa zito anakwenda jikoni kunong'ona, "Mama, nisemee." Mama anabeba siri isiyo yake, anatafuta saa nzuri ya kuongea, na mzee akifoka, anayefokewa ni yeye. Wapo akina mama hapa kwetu waliotoa hela ya vikoba kulipia faini za watoto wao ili nyumba itulie. Mnaona raha gani? Mama aliyekubeba mgongoni usimgeuze ngao.

Ndugu uliyekuwa ndani ya gari, usimtangulie mwenzako kusema. Mpe nafasi aseme mwenyewe.

Usimalizane na trafiki pembeni ili karatasi isiandikwe. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji kama inavyomkamata mpokeaji. Umekimbia ukali wa baba, umeangukia jinai.

Gari likiwa lako, kadi ina jina lako na mafuta ni ya mshahara wako, hulazimiki kumpelekea mzee kila karatasi. Lakini ukiandikiwa mwendo kasi mara ya pili na ya tatu, nenda kamwambie. Barabara yetu ya uwanja wa ndege inapita katikati ya watu, na mwisho wa mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Wanavuka watoto wa shule, wanavuka akina mama wenye ndoo za dagaa kutoka mwaloni. Mnapenda kusema ajali haina kinga. Kinga ipo: ni mguu wako kwenye breki, na mzee anayejua tabia yako akakukanya mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anayeendesha bodaboda ya mkataba naye amwambie tajiri wake, kwa sababu ile ile: deni linafuata chombo.

Wazazi wenzangu, msidhani mmepona. Kijana anakuja na ukweli wake, unamtukana mpaka majirani wanatoka nje, kisha unalirudia jambo hilo kwenye kikao cha harusi ya dada yake. Kesho atakwambia tena? Mtoto anayetukanwa kwa kusema kweli amefundishwa uongo na mzazi wake. Msikilize, mkanye, mnyang'anye ufunguo mwezi mzima ukiona inafaa. Faini asilipiwe, kama hana, afanye kazi apate. Dawa ya deni ni kulipa, na alipe aliyekosa. Akishalipa, jambo liishe. Na wewe unayemchomekea trafiki noti kwenye leseni huku mwanao amekaa kiti cha pembeni, huna mdomo wa kumdai ukweli.

Kuzidisha mwendo ni kosa la barabarani, na linakwisha kwa malipo. Kumficha mwenye gari ni kosa la nyumbani, na halina namba ya malipo. Kijana ambaye karatasi hiyo umeikunja ndani ya pochi wakati unasoma haya, usilale nayo. Jioni hii mwambie baba, kesho asubuhi lipa.